Josepha aitafuta sauti ya inanga kwenye gitaa kabla ya Jumamosi

Chai haijachemka, na Josepha Pasikali ameshalegeza uzi wa tatu wa gitaa lake, akaukaza, akaulegeza tena. Amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake mjini Kasulu, kitenge kimefungwa mabegani kuzuia baridi ya asubuhi. Simu iliyolala gotini ina programu ya kupimia nyuzi, na kioo chake kinawaka rangi nyekundu: umekosea.

"Nyamaza wewe," anaiambia simu. "Ungemjua baba yangu usingesema hivyo."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Jumamosi binti yake, Herieth, anaolewa, na Josepha ana wasiwasi kuliko bibi harusi mwenyewe.

Katika ukoo wao hakuna binti anayevuka kizingiti kwenda kwa mumewe kabla hajapigiwa inanga. Ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia, wenye uzi mmoja unaokwenda na kurudi, na mpigaji wake haimbi kwa sauti, ananong'ona. Kwa miaka mingi aliyewaaga mabinti hao ni mzee Pasikali wa Munanila, baba yake Josepha. Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Katika watoto wake wote, anayejua kugusa uzi ni huyu mmoja, mpiga gitaa wa kwaya na wa harusi za watu.

Mwaka jana, mpwa wake alipoolewa, Josepha alijaribu. Aliuchukua wimbo wa baba yake akauwekea kodi, kama wanamuziki wanavyoziita sauti kadhaa zinazopigwa kwa mkupuo, zilezile anazotumia kanisani. Akachomeka gitaa kwenye spika, akaimba kwa koo lote. Wageni wakashangilia. Mzee Pasikali akachukua kigoda chake, akatoka.

"Nikamfuata nje nikamwuliza, 'Data,' yaani baba, 'kuna nini?' Akaniuliza, 'Huo wimbo ni wa nani?' Aliuliza kweli, hakunikejeli. Hapo ndipo nilipoumia."

Tangu siku hiyo amekuwa akienda Munanila na gitaa mgongoni. Mzee anagusa inanga kwa mkono wa kushoto, sauti moja moja, naye Josepha anazitafuta.

"Kinanda kina sauti saba, inanga ya baba ina tano," anaeleza. "Na ya tatu haipo kwenye gitaa. Ukibonyeza hapa iko chini, ukisogea kijichuma kimoja cha shingoni umeshaipita. Mwaka jana niliivuta juu ili ikae na kodi za kwaya. Kumbe ndiyo niliiua."

Sasa haibonyezi tena. Ameulegeza uzi wa tatu mpaka ukalia sauti hiyo bila kuguswa na kidole. Kodi anazijenga kwa kuruka sauti moja moja: ya kwanza, ya tatu, ya tano, kisha ya pili, ya nne, na ya kwanza ya juu. Pasipohitaji ile ya tatu, uzi huo anauacha kimya.

Kazi hiyo imemvuruga vidole. Mishiko yote aliyoizoea imekufa, anaanza upya kama mwanafunzi. Jumapili iliyopita alisahau kuurudisha uzi mahali pake, na kodi ya kwanza tu ikaitawanya kwaya kama vifaranga walioona mwewe.

"Mama Herieth, gitaa limelogwa?" Ildefonce, mwalimu wa kwaya, alimwuliza mbele ya waumini. Mpaka leo Josepha hajamsamehe.

Asubuhi hiyohiyo Josepha anapanda bodaboda kwenda Munanila. Anamkuta mzee uani akichambua maharage. "Mwakeye, data," anamsalimu, anakaa, anaanza kupiga. Hakuna spika. Mzee hainui kichwa. Josepha anapiga mpaka mwisho, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

"Unakimbizwa na nani, mwana wanje?" mzee anauliza, akimwita mwanangu kwa lugha ya nyumbani.

Anaanza tena, polepole. Mkono wa kushoto wa mzee unasimama juu ya ungo. Kisha mdomo wake unacheza, na mnong'ono unatoka, mwembamba, ukipita katikati ya nyuzi. Josepha anashtuka, anakosa uzi mmoja.

"Oya, hapana, usisimame," mzee anasema, na kuendelea.

Kwa hiyo Jumamosi watakuwa wawili: Josepha atapiga, baba yake atanong'ona. Nurudini, mwenye kukodisha muziki mjini Kasulu, ameshalalamika kwamba bila spika hakuna mgeni atakayesikia chochote. Josepha hilo halimsumbui. Linalomkosesha usingizi ni afya ya baba yake, na vidole vyake mwenyewe.

"Wageni wana pilau," anasema. "Herieth atakaa katikati yetu, yeye akisikia yatosha. Mimi naomba kitu kimoja tu: baba asichukue kigoda chake."