Siku Niliyoikwatua Tripo Esi

Enzi zetu, na wewe uliyekulia Temeke wakati wa ruksa ni shahidi wangu, gari lilijulikana kwa sauti kabla halijaonekana. Mtaani kwetu yalikuwa matatu tu. Kulikuwa na Pijo ya mwalimu mkuu iliyokuwa ikikohoa asubuhi hadi majirani wakaacha kununua saa za mezani. Kulikuwa na pikapu ya muuza mkaa ambayo haikuwa na breki za kuaminika, kwa hiyo ilisimama kwa msaada wa ukuta wa jirani. Halafu kulikuwa na Datsun ya baba. Tukiwa kwenye mchezo wa rede, hata yule aliyebakiza kiganja kimoja cha mchanga chupa yake ijae, akiisikia tu Datsun inakata kona, aliitupa chupa akakimbilia barazani kuitazama ikiingia.

Nyuma yake ilikuwa na herufi tatu za S, na mafundi wote wa Temeke waliiita Tripo Esi. Haikuwa Datsun ya kubebea maharage. Ilikuwa na kabureta mbili badala ya moja, na ndugu zake walikuwa wakishindana kwenye mashindano ya magari, yale ambayo watu walijipanga pembeni ya barabara za vumbi tangu alfajiri ili waone kitu kikipita kwa nukta moja na kurudi nyumbani wekundu. Baba, mtunza stoo wa shirika moja la umma, aliinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akihamia Kanada. Rangi yake ilikuwa ya papai lililoiva, rangi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Hakuna fundi rangi aliyewahi kuigusa, na baba alilisema hilo kama watu wengine wanavyosema binti yao kamaliza juzuu.

Jumapili ilikuwa siku ya kuiosha. Baba alitoka na ndoo mbili na kipande cha flana, akavua shati, akaanza juu ya paa akishuka taratibu. Sisi watoto, mimi na wadogo zangu wawili, tulikaa barazani na mihogo yetu ya kukaanga iliyotiwa chachandu, tukimtazama kama wanavyotazamwa makungwi wakimsinga bi harusi. Kugusa ilikuwa marufuku. "Ukiligusa tu, litakusemea kwangu," alituambia. Tuliamini. Mimi niliamini mpaka nikiwa darasa la tano, umri ambao vijana wa leo wanakufundisha jinsi ya kutumia simu yako mwenyewe.

Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yakaanza kubadilika, na nyumba yetu ikaingiwa na hofu ambayo hatukuwa na jina lake. Kwanza magari ya mitumba kutoka Dubai yakaanza kushuka bandarini. Meupe, yana kiyoyozi, yanajibadilisha gia yenyewe. Mwalimu mkuu akaitupa Pijo yake kwenye matofali, kuku wakaanza kuatamia ndani. Watu waliokuwa wakimsimamisha baba kumwuliza, "Mzee, hii unaiachia lini?" sasa walimpita wakicheka: "Hilo nalo gari au makumbusho?" Kila mwezi walioiulizia walizidi kupungua, na baba, ambaye hakuwahi kutaka kuiuza, aliumia kwamba hakuna tena wa kumkatalia.

Kisha shirika likaanza kupunguza watu. Baba alikuwa kwenye kundi la pili. Mwezi uleule mwenye nyumba akaja, akakaribishwa chai, akainywa yote, ndipo akasema anataka vyumba vyetu viwili avitoboe mbele aweke fremu za maduka. Temeke nzima ilikuwa inatoboa kuta. Alitupa hadi mwisho wa mwezi unaofuata. Tangu siku hiyo nilikuwa nikirudi shule naogopa kukunja kona ya mtaa wetu, nisije nikakuta vitanda vyetu vimetolewa nje. Darasani niliwaza vitanda. Nikicheza niliwaza vitanda. Mama alipunguza nazi kwenye mchuzi na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Mponda. Alikuwa mtu wa Kusini, mnene, mpole, aliyewahi kuwa fundi wa madereva wa mashindano ujanani. Alikuwa na kiwanja Boko, wakati huo Boko ni minazi na nyoka, chenye kisima na vyumba viwili ambavyo vilibaki kuezekwa tu. Alisikia kwa mafundi kwamba Temeke kuna Tripo Esi ambayo haijaguswa. Akamtumia baba salamu: yuko tayari wabadilishane, kiwanja na vyumba vyake kwa gari, ila kwa sharti moja. Rangi iwe ya kiwandani. "Iliyopakwa upya sina kazi nayo," alisema. "Nataka niione kama nilivyoiacha." Angekuja Jumamosi.

Mama alipoletewa habari hizo aliuliza, "Kisima chake kina maji?"

"Kina maji," baba akamjibu.

"Baba Mwaju, kisima cha kwetu? Si cha kupanga foleni?"

"Cha kwetu."

Mama akainua kanga akafuta macho, akajifanya moshi. Mimi ndiye Mwaju mwenyewe, mtoto wa kwanza, na niliapa moyoni kwamba hakuna litakaloiharibu Jumamosi hiyo. Baba alitoka nje, akasikika akifungua boneti na kuifunga, bila kuiwasha.

Ijumaa mchana mama alitugawia kazi. Ukikua kwenye nyumba ya Kipwani unajua mgeni anaandaliwaje: mkeka mpya unatolewa, ua unafagiliwa, na vyombo vinakwatuliwa. Kukwatua si kuosha. Unachukua kumbi la nazi, unalilowesha, unachovya kwenye majivu yaliyochanganywa na mchanga laini, unasugua sufuria mpaka masizi yatoke na uone uso wako. Nilikuwa hodari. Bibi yangu alikuwa akiwaonyesha wageni sufuria nilizokwatua mimi. "Kesho mgeni anakuja," mama alisema akijifunga kanga aende sokoni Tandika. "Kila kitu king'ae, Mwaju. Nakutegemea."

Kila kitu. Nilipomaliza masufuria na sinia, nikageuka nikaiona Datsun imesimama uani. Kwenye boneti palikuwa na doa jeusi la lami, na utosi wa paa ulikuwa umefifia kwa jua. Nikajiambia mgeni hatakuja kutazama masufuria yetu, anakuja kutazama hili. Baba alikuwa ameingia ndani kujinyoosha. Nikachukua kumbi langu, majivu yangu na mchanga wangu.

Nilianza na boneti. Nilisugua kwa mzunguko, kwa nguvu, kama nilivyofunzwa. Kumbi likaanza kuwa la njano njano, na mimi nikafurahi jamani! Nikadhani ndio uchafu huo unatoka, uchafu wa miaka yote ambao baba na kitambaa chake laini alishindwa kuutoa. Nikaongeza mchanga. Nikamaliza boneti, nikaenda kwenye mlango wa dereva. Jasho linanitoka, naimba. Nikamwaga maji.

Ikiwa na maji ilipendeza. Ilipokauka ndipo nilipoona. Boneti ilikuwa imepauka kama ulimi wa mgonjwa, imejaa mikwaruzo ya mviringo, na kwenye ukingo chuma kilikuwa kinachungulia. Nilijaribu kuirudisha kwa mafuta ya nazi. Ikang'aa dakika tano, ikanywa mafuta yote, ikarudi vilevile. Nikavuta turubai nikaifunika, nikaenda kukaa jikoni. Usiku ule sikula, nikasema naumwa kichwa, na nilikuwa naumwa kweli. Nilisoma kila dua niliyoijua, hata ya kuingia chooni, maana nilikuwa nimezichanganya kwa woga.

Jumamosi Bwana Mponda akaja amevaa kanzu safi, na mfukoni ana karatasi za kiwanja. Akakaribishwa kwenye mkeka, akanywa maji kwenye bilauri iliyoletwa juu ya sinia langu linalong'aa. Nikamwamkia shikamoo, nikarudi kusimama nyuma ya mlango. Kisha wakasimama. Baba akashika ncha ya turubai, akaivuta.

Mgeni aliweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha polepole, akanusa vidole vyake. Vilinuka majivu.

"Nani kafanya hivi?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyefika msibani.

Nilifungua mdomo. Baba akanitangulia. "Mie," akasema. "Nimeisugua mie. Nilitaka ipendeze."

"Wewe? Mtu uliyeitunza miaka yote hii?"

"Shetani tu, ndugu yangu."

Bwana Mponda akatikisa kichwa. "Rangi ikishakwatuliwa hairudi, mzee mwenzangu. Nilikuja kuona rangi." Akatuaga mmoja mmoja kwa adabu, akaondoka na karatasi zake. Mama akaukunja mkeka mpya, akaurudisha uvunguni. Neno alilosema ni moja tu: "Haya."

Mwisho wa mwezi tulihama. Tulipanga Mbagala, tukapanga tena mbele zaidi, tukaishia Chamazi, wakati huo ukitaja Chamazi watu wanakuuliza unapandia treni wapi. Baba alipata kibarua cha stoo kwa mtu binafsi. Datsun ilihama nasi kote. Mama alibeba ndoo kichwani kila alfajiri, na akirudi, akiitua, alikuwa akimtania baba: "Hivi wewe, mtu mzima na ndevu zako, majivu uliyatoa wapi? Niliolewa na mwanaume au houseboi?" Baba alicheka, mama alicheka, na mimi nilitafuta kazi ya kunitoa pale. Sikuwahi kusema. Nilimwona baba ni mtu mkubwa kuliko watu wote, mtu aliyebeba aibu yangu mbele ya mgeni na hakuniuliza hata siku moja. Nilimpenda kwa woga na shukrani. Mama alifariki tukiwa bado tunapanga.

Siku hizi mambo yamegeuka tena, na nadhani yanatugeukia kutucheka. Yale magari meupe ya Dubai yamekuwa vyuma chakavu, na sasa vijana wanaitafuta Tripo Esi kama waganga wanavyotafuta kuku mweusi. Mwezi uliopita walikuja Chamazi wanne, wamevaa kofia zinazofanana. Kufungua boneti walishindwa, mpaka nikawaonyesha mimi, mwanamke wa makamo, kitasa kiko wapi. Kuwasha kwa choki hawajui. Lakini historia yake wanayo yote kwenye simu. Mmoja akapiga magoti mbele ya ile mikwaruzo ya mviringo, akaipiga picha, akaniambia, "Aisee mama, hii msije mkaigusa. Hii ndio rangi yenyewe, imezeeka nayo. Hivi vitu watu wanavitafutaga hawavipati." Nikacheka mpaka nikaketi chini. Kisha kicheko kikakatika, na nikajua siku hiyo nitasema.

Walipoondoka nikamfuata baba kwenye kiti chake. Siku hizi haoni vizuri, lakini masikio yake ni yaleyale. "Baba," nikamwambia, "ile Ijumaa, kule Temeke. Aliyelikwatua gari ni mimi."

"Najua, mwanangu."

"Najua unajua. Nataka nikuombe radhi. Ulinifichia."

Akapapasa fimbo yake. "Sikukufichia," akasema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu ulipochovya kumbi mara ya kwanza."

Nikamwuliza mbona basi hakuniambia acha.

"Ningekuambia acha," baba akasema, "gari lingekwenda."

Akaomba chai. Nikaenda kuitengeneza. Enzi zetu watoto tuliogopa wazazi, tukanyamaza, na sikujua kwamba wazazi nao walikuwa wananyamaza upande wao. Siku hizi mwanangu akivunja kikombe ananipigia simu kazini kuniambia, na mimi namgombeza kwa kunisumbua. Pengine watoto wa siku hizi ndio wenye akili. Nilisimama pale jikoni nikitafuta hasira ya kumpelekea baba pamoja na chai yake, maana nilistahili kuwa nayo. Lakini zile ndoo za alfajiri sikuzibeba mimi. Ile hasira ilikuwa ya mama, na mama alikufa akiwa anacheka.