Shujaa wa Kichina Aliyetuma Mshenga

Nywele za bandia zikichovywa kwenye maji yanayochemka hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: plastiki kidogo, sabuni kidogo, na mvuke unaokwenda moja kwa moja puani. Katika saluni ya mama mdogo Mapendo, pale Berea, Johannesburg, harufu hiyo ilichanganyika na ya kitambaa kilichopigwa pasi, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na wapangaji walikuwa wawili. Upande wa ndani kulikuwa na viti viwili vya kusukia, kioo kilichopasuka pembeni, na mama mdogo mwenyewe, mtu wa Bukavu, mwenye vidole vyepesi na maneno mazito. Upande wa dirishani, penye mwanga, aliketi Fundi Athumani wa Tanga na cherehani yake ya kukanyaga. Katikati, juu ya friji ya soda, palikuwa na televisheni. Mama yangu alifanya kazi ya usafi hata siku za Jumamosi, kwa hiyo mwaka 2015, nikiwa na miaka kumi na mmoja, Jumamosi zangu zote, na likizo pia, zilipita kati ya kioo kile na cherehani ile, na nilikuwa mtoto mwenye bahati.

Televisheni ile ilionyesha kitu kimoja tu: filamu za Kichina za mapigano na mapenzi. Namaanisha zile ambazo watu wanapaa juu ya mianzi, nguo zikipepea, na katikati ya kukatana mapanga wanasimama kutazamana kwa huzuni. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha, lakini hakuna mteja aliyejisumbua kuyasoma. Fundi Athumani, ujanani mwake, alikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video huko Tanga, yule anayeketi kando ya skrini na kuwaeleza watazamaji kila kinachosemwa, na kazi hiyo hakuiacha alipohamia Johannesburg. Alipunguza sauti ya televisheni, mguu wake ukaendelea kukanyaga, naye akatusimulia. Majina ya Kichina yalimchosha, hivyo kila shujaa aliitwa Mbaruku, kila binti aliitwa Mwanaidi, na adui, awe mfalme au jenerali, aliitwa Mwenye Nyumba. Nyingi za filamu zile ziliisha kwa msiba, lakini si mbele ya Fundi. Mbaruku akianguka na mishale saba kifuani, Fundi alimwinua, akamfunga dawa ya mitishamba, kisha akamtumia mshenga kwa akina Mwanaidi, na posa ikakubaliwa kabla majina ya waigizaji hayajaanza kupanda. Wateja walishusha pumzi na kuomba soda.

Mimi ndiye niliyekuwa kero. Nilisoma shule ya Kiingereza, nilijivuna kwa kusoma haraka, na sikuweza kuvumilia uongo mkubwa kiasi kile. Siku moja nilisimama juu ya kreti nikatangaza kwamba pale wameandika Mbaruku amekufa, na kaburi lake lile pale linanyeshewa mvua. Fundi hakuinua hata kichwa. Alisema waliotafsiri Kiingereza kile hawajui Kichina. Nikamuuliza kama yeye anakijua. Akakata uzi kwa meno, akajibu kwamba Kichina hakijui, lakini mwanamume aliyependa anamjua akimwona. Chumba kizima kikacheka isipokuwa mama mdogo, aliyeinama ghafla kutafuta kitana ambacho kilikuwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

Na sisi hatukuzitazama filamu zile kama walivyokusudia waliozitengeneza. Binti alipolia juu ya mwamba, Fundi alisema hariri ile si chini ya mita kumi na mbili na aliyeishona hakuacha hata pindo moja la kufumua baadaye. Binti huyo alipowapiga askari sitini na kutua bila unywele kutoka mahali pake, mama mdogo alitaka kujua kilichopakwa pale. Mama Chance, jirani yetu muuza vitenge, mteja wa kila wiki, yeye alitaka kujua ukoo. Mjomba wa Mwanaidi yuko wapi siku zote hizi? Shangazi zake je? Mtoto wa kike anapigana juu ya mapaa ya watu na hakuna mtu mzima wa kuita kikao? Tulikuwa watu wa vitendo.

Ndipo akaja Anneke, Mholanzi aliyetaka kusukwa. Nywele zake zilikuwa laini mno, kila msuko uliponyoka baada ya wiki mbili, akarudi, na kila akirudi alikaa kitini kwa muda wa saa saba. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwa namna ambayo mama mdogo aliiona ni mpango wa Mungu, alikuwa akiandika kitabu kizima cha kuhitimia masomo, kuhusu kwa nini watu wa Ulaya wanazipenda filamu hizohizo. Alilia kila Jumamosi aliyokuja. Alililia majani yaliyodondoka, alililia vikombe vya chai visivyonywewa, na mara moja alilia kwa sababu shujaa alirekebisha mkanda wake. Mimi ndiye niliyemtafsiria anayosema Fundi, na aliposikia habari za mshenga alishtuka nusura aondoke na kiti. Alieleza kwa upole kwamba uzuri wa hadithi zile ni lile neno lisilosemwa. Kwao, alisema, mtu akikupenda anakuuliza papo hapo kwenye simu, ukikubali mnahamia pamoja, hakuna baba wa kukataza wala ukoo wa kuogopa. Kwa hiyo wanakwenda sinema kuwatazama watu ambao hawawezi kusema, na wanarudi nyumbani na macho mekundu, wameridhika.

Niliyageuza hayo kwa Kiswahili vizuri nilivyoweza. Mama mdogo alisuka mstari mzima kabla ya kujibu.

"Umwambie hivi," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Kwabo wanaume banasemaka yote, njo maana banalipa juu ya kuona mwenye ananyamaza. Siye benye kunyamaza tuko nabo humu ndani, bure."

Cherehani ilisimama, kisha ikaendelea kwa mwendo usio wake. Hata mimi, niliyekuwa mzito katika mambo kama hayo, nilianza kuhesabu. Kila Jumatatu Fundi alinoa mikasi ya mama mdogo bila kuombwa. Kila adhuhuri mama mdogo aliweka sahani ya sombe, yaani kisamvu cha kwao, na ugali karibu na pasi, imefunikwa kitambaa, wala hakusema ni ya nani. Siku za Ijumaa, Fundi alipokwenda kusali msikiti wa Mayfair, mama mdogo alitazama mlango mara nyingi kuliko idadi ya wateja. Walikuwa wameishi hivyo miaka minne, Fundi Mwislamu na mama mdogo mwanakwaya wa Jumapili, na kila mmoja alimwogopa mchungaji au sheikh ambaye hata hakuwa ameulizwa.

Kisha Fundi akaleta habari. Kaka yake alikuwa amempatia chumba cha ushonaji Tanga, karibu na soko, na basi lingeondoka Jumapili alfajiri. Mama mdogo alisema, "Vizuri," basi. Lakini siku hiyo alimsuka Mama Chance kwa kubana hata nyusi zikapanda, na mwanamke wa watu akatembea siku tatu akionekana ameshangaa. Mimi nilijifungia chooni nikalia. Fundi ndiye aliyenishonea sare ya shule na kuipanua kila nilipokua, na ndiye aliyenifundisha kunyoosha pindo. Sikuwa na baba wa karibu, na nilikuwa nimempa nafasi hiyo kimyakimya, nami bila kumuuliza. Nilitaka abaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Jumamosi ya mwisho aliweka filamu mpya, hata yeye hakuwa ameiona. Anneke alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine bado, na Mama Chance alikuwa akisubiri zamu, nywele amezifumua zimesimama. Ilikuwa hadithi ya shule mbili za upanga zilizochukiana, na mvulana wa huku alimpenda msichana wa kule. Mchana, saa nane hivi, wakafika darajani kwenye theluji. Mbaruku ana jeraha ubavuni. Mwanaidi amempakata. Mbaruku akafumbua mdomo kusema, na umeme ukakatika.

Ulikuwa mgao wa kawaida, ule ambao Johannesburg nzima iliupanga katika ratiba zake, na tulijua umeme hautarudi kabla ya muda wa saa mbili kupita. Barabarani robot, zile taa za kuongoza magari, zilizimika na honi zikaanza. Ndani tulibaki tukiitazama televisheni nyeusi.

"Eish," akasema Mama Chance. "Endelea tu, Fundi. Kwani umeme ndio uliokuwa ukitafsiri?"

Fundi alikanyaga kidogo bila kitambaa chini ya sindano. Kisha akaanza, na sauti yake haikuwa ile ya kibandani.

"Mbaruku akasema: Mwanaidi, nimepigana na watu sitini, lakini kukuuliza wewe neno moja nimeogopa miaka minne. Kila Jumatatu nakunolea mkasi—"

"Mkasi?" akauliza Mama Chance.

"Upanga," Fundi akajisahihisha. "Nakunolea upanga, halafu narudi kukaa. Kesho naondoka. Ukiniambia nisiondoke, siondoki."

Vidole vya mama mdogo vilisimama ndani ya nywele za Anneke. Kila mmoja alielewa, isipokuwa Anneke, aliyenivuta shati kuuliza kinachoendelea. Nilimnong'oneza. Akafunga polepole daftari lake la utafiti.

"Umwambie ule Mbaruku," akasema mama mdogo, akiangalia kioo, "miaka minne anatumia bamshenga kwa China yote. Wa kwake iko wapi?"

Hapo Fundi alikwama. Mtu aliyekuwa amewaozesha mabinti wa Kichina wasio na idadi hakuwa na ndugu hata mmoja mjini wa kumsemea. Mama Chance ndiye aliyemwokoa. Alisimama na nywele zake zimetimka, akajifunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda safari ya mbali, akaenda dirishani, akapokea ujumbe kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, kisha akapiga hatua nne hadi kwenye kiti cha kusukia na kubisha hodi kwenye beseni. Alitembea njia hiyo mara tano. Mama mdogo alituma kwamba kanisa lake haliachi. Fundi alituma kwamba hajamwomba aliache, Ijumaa yeye ataenda Mayfair, Jumapili mwenzake ataenda kwaya, na Jumamosi wote wawili watakuwa hapa. Mama mdogo alituma kwamba posa ataipokea dada yake mkubwa, yaani mama yangu, jioni, akitoka kazini. Safari ya mwisho, Mama Chance alirudi amebeba sahani ya sombe, mara hii bila kitambaa juu yake. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, na siku ya pili basi liliondoka bila yeye.

Anneke alilia kupita Jumamosi zote. Nilikumbuka kuwa yeye ndiye mtaalamu, nikamuuliza kama kweli filamu ile inaisha hivyo. Akasema ndiyo, inakaribia hapo. Umeme uliporudi hakuna aliyekumbuka kuiwasha televisheni.

Sasa nina miaka zaidi ya ishirini, naishi hosteli ya chuo, na kila mtu hutazama filamu yake kwenye simu yake, masikio yamezibwa. Hakuna anayemwinua shujaa akianguka. Mwezi uliopita wanafunzi wawili wa Ulaya walinialika kutazama filamu moja ya zamani waliyoipenda, na ilipofika kwenye daraja la theluji niliitambua. Mbaruku alifumbua mdomo, akasema neno lake, na akafa palepale mikononi mwa Mwanaidi. Wenzangu wakalia kwa raha. Mimi nilibaki nikingoja mtu abishe hodi, na aliposhindwa kutokea nilitoka nje nikampigia mama mdogo.

Nyuma yake nilisikia cherehani, na sauti ya mzee yuleyule akimtafsiria mteja, maana siku hizi hanyamazi hata kwenye taarifa ya habari. Nikamweleza mama mdogo kwamba nimeuona mwisho wa ile filamu yetu, na kwamba shujaa alikufa.

"Umesoma kwa Kiingereza?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi," akasema. "Bale bantu habajuake Kichina."