Pampu ya Tatu

Mzee aliingia dukani kwangu, mtaa wa Gerezani, Kariakoo, na pampu ya kisima ndani ya kiroba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwa upole kuwa nimemuuzia feki. Hii ilikuwa ya tatu. Zote alinunua kwangu, na zote ziliharibika kabla ya mwaka kuisha.

Damu ilinichemka. Kariakoo nzima kitu kikiharibika ni feki, hata kama mteja amekiangusha mwenyewe. Lakini nilipoifungua pampu nilichanganyikiwa: chuma kimetobokatoboka, na tope la rangi ya chungwa limejaa ndani. Nikamwambia maji yake ndiyo mabaya. Akatoa dumu dogo alilolibeba kutoka kwao milimani, kusini. Maji yalikuwa maangavu kuliko ya bomba letu. Akanimiminia, nami kwa adabu na ubishi nikanywa nusu kikombe. Yalikuwa na ukakasi kidogo.

Nikamwita fundi wa visima aliyekuwa duka la jirani. Akachovya kikaratasi chake cha kupimia, kikageuka chekundu; akasema maji yana asidi, ndiyo inayokula chuma. Akauliza kama huko juu kuna mgodi wa zamani. Mzee akasema upo, wa dhahabu, ulifungwa kabla hajazaliwa, mashimo ndiyo yamebaki. Fundi akaeleza kuwa mvua inaingia humo, inakutana na mawe yaliyofukuliwa, inakuwa kali, inayeyusha madini na kushuka nayo chini ya ardhi mpaka visimani. Yakiwa chini, au yamefungwa ndani ya dumu, ni maangavu. Yakipigwa na hewa ndipo kutu hujitokeza. Kama yana sumu, hakujua. Yapelekwe maabara.

Hatukuelewa, si mimi si mzee. Wachimbaji walishakufa zamani, maji ya leo yanawahusu nini? Nakiri nilifurahi kwanza kwamba pampu zangu ni orijino. Kisha nikaona aibu, maana mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo, analitazama dumu. Kisima kile, akasema, alikichimba ili binti yake, aliyekuwa mjamzito, asiteremke tena mtoni, na tangu hapo nyumba nzima inakunywa humo.

Akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, msichote tena kisimani."

Akasikiliza kidogo, kisha akanigeukia na simu ikiwa bado sikioni.

"Anauliza mpaka lini."

Mimi ninayejua kumjibu kila mteja, nilianza kuirudisha pampu kwenye kiroba.