Mchumba Wangu Aliachia Kamba Nikiwa Juu ya Mwamba

Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana Njombe ni ndogo na tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 31, nafundisha shule ya msingi. Mchumba wangu ni fundi umeme Makambako. Ni mpole, hanywi, hajawahi kuniinulia sauti. Nayasema haya mapema ili msije mkaniambia nilijitakia kwa kupenda mhuni.

Mwezi uliopita alikuja na wazo twende kupanda miamba. Kuna kaka anaongoza watu kwenye milima ya huku kwetu, ana kamba, kofia ngumu na mikanda ya kiunoni. Mchumba wangu akasema, "Tumchukue na mdogo wako, naye afurahi." Mdogo wangu huyo wa kike ana miaka 24, anafanya kazi kwenye mashamba ya chai Lupembe. Nikaona huo ni upendo kwa familia yangu.

Tulifika asubuhi, ukungu haujaondoka, mawe yana unyevu. Kiongozi akatuelekeza kwamba kamba inapita kwenye chuma kilichofungwa juu ya mwamba. Upande mmoja anafungwa anayepanda, upande wa pili anaushika mwenzake aliye chini. Akamwambia mchumba wangu, "Wewe ndiye utamshika. Litokee lolote, mkono wako usitoke kwenye kamba." Yeye mwenyewe akasimama nyuma yake, ameshika mkia wa kamba kwa tahadhari.

Nikapanda. Kila nikisema "Nishike," ananijibu, "Nimekushika mpenzi, panda." Nilikuwa nimefika mbali kuliko nilivyotegemea niliposikia mdogo wangu akipiga kelele. Alikuwa amesimama pembeni juu ya jiwe, akateleza akaanguka. Papo hapo na mimi nikaporomoka kama gunia. Kamba ikakaza ghafla, nikajigonga kwenye mwamba, nikabaki naning'inia. Kuangalia chini, kiongozi peke yake ndiye ameing'ang'ania kamba, amejitupa nyuma kwa nguvu zake zote. Mchumba wangu alikuwa amepiga magoti kule pembeni, amempakata mdogo wangu, anarudia, "Usiniache, tafadhali usiniache."

Kiongozi alinishusha taratibu. Goti langu lilikuwa linatoka damu. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole, dada," akaanza kukunja kamba yake bila kuniangalia usoni. Mdogo wangu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu tu. Mchumba wangu akambeba mgongoni mpaka kwenye gari, mimi nikawafuata nyuma nikichechemea. Hakugeuka.

Kesho yake nilimuuliza. Akasema, "Sikufikiri. Nilijikuta tu nipo kule." Afadhali angenidanganya.

Mdogo wangu naye nilipomkalisha alilia mpaka akakosa pumzi. "Dada, alinitamkia kwamba ananipenda, kabla ya Pasaka, nikamkataa. Hatujafanya chochote, naapa mbele za Mungu." Nikamuuliza, "Na wewe unampenda?" Akaangalia pembeni. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Nilishindwa hata kumchukia.

Mchumba anasema bado atanioa, hatamtafuta tena. Mama nimemwambia habari ya kamba tu, hayo mengine nimeyameza. Akasema, "Mwanangu, unataka kuvunja ndoa kwa sababu ya kamba? Alikimbilia kumsaidia mdogo wako. Ungefurahi angemwacha?"

Kanisani tumeshatangazwa mara mbili, Jumapili hii ni ya tatu. Ndugu zetu wa Mlangali wamejiandaa na safari ya kuja harusini. Nikitaja sababu yenyewe, baba atamfukuza mdogo wangu, na baba akishafunga mlango huwa hafungui. Nikivunja bila kusema, nitaonekana nina kiburi, nachezea watu. Nikikubali, nitaishi na mwanaume anayejitahidi kunipenda, na kila sikukuu mdogo wangu akija nyumbani nitakuwa naangalia macho yake yanaelekea wapi. Darasani siku hizi nageukia ubaoni nijifute machozi, watoto wanadhani ni vumbi la chaki.

Ndugu zangu, mliooa na mlioolewa, niambieni ukweli bila kunionea huruma. Jumapili mchungaji akiuliza kama kuna mwenye pingamizi na ndoa hii, ninyamaze, au nisimame mimi mwenyewe?