Maiti wa Karakana ya Reli

Ukibisha, njoo Tabora uulize karakana ya reli. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kwa kuona mambo hakuna wa kunishinda.

Mzee mmoja Mnyamwezi hushika chuma cha moto kwa koleo, na kijana wake, Mnyamwezi vilevile, hukipiga nyundo. Siku moja kijana alisema mbele ya watu kwamba mikono ya mzee inatetemeka. Wakanuniana wiki mbili, hata salamu hakuna. Juzi nyundo ikateleza, nusura impate mzee kidoleni. Bwana mkubwa, Mwingereza, akasema wasipopatana kabla ya adhuhuri atamfukuza mmoja. Sote tulijua atakuwa mzee.

Ndipo fundi wa kupaka mabehewa rangi, Mzaramo, mtani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara, akajilaza chali katikati yao.

"Nimekufa! Mmeniua kwa kununa. Nibebeni mkanizike, wapagazi nyie!"

Mtani akijifanya maiti hukasiriki, unambeba. Mzee akashika mabega, kijana akashika miguu.

"Inua taratibu," mzee akasema.

"Shikamoo, mzee," kijana akajibu.

"Marahaba, mwanangu. Usimwangushe huyu mjinga."

Maiti akafumbua jicho moja. "Mbona mikono ya mzee haitetemeki? Na chai ya mazishi yangu iko wapi?"

Bwana mkubwa alichungulia, akatukuta tunacheka, akarudi zake. Serikali ina mahakama. Sisi tuna maiti anayedai chai.

Ila kuna kitu nimekiruka. Ile miguu ya maiti, iliyonuka tapentaini, niliishika mimi.