Siku Kalenda Yangu Iliposomwa Parokiani

Jamani, hili nawaambia kwa sababu nyinyi ni watu wangu, na kwa sababu Kisarawe nzima wanalijua tayari, kwa hiyo hata nikinyamaza sifichi kitu. Nina aibu nalo. Siyo ile aibu ya kuteleza kwenye tope mbele za watu ukainuka ukacheka nao, hii ni aibu inayokaa, naweza kuwa napiga mswaki asubuhi ikanijia, nikasimama na povu mdomoni nikisema peke yangu, "Vene, Vene, ulikuwa unawaza nini?"

Kazi yangu mnaijua. Natengeneza app, naishi Kibaha, pale Picha ya Ndege, chumba kimoja, meza moja na feni inayozunguka ikijisikia. Lakini nyumbani kwangu hasa ni Masaki ya Kisarawe (siyo ile Masaki ya Dar ya maghorofa, hii yetu ni ya mihogo na mikorosho), kwa Mama Mkubwa Skola, dada yake mama. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, Mama Mkubwa ndiye aliyekuja kunichukua, akanilea, akanisomesha, na mpaka leo akinitambulisha kwa watu anasema "huyu mwanangu", haongezi neno.

Sasa, padre wetu wa parokia pale Kisarawe alinishika mkono siku moja baada ya misa akasema, "Veneranda, matangazo yetu yamekuwa marefu kuliko mahubiri, huwezi kututengenezea kitu kwenye simu?" Nikamjibu, "Hiyo ndogo, Padre." (Hayo maneno, "hiyo ndogo", yameniponza maisha yangu yote.)

Na kweli ilionekana ndogo. Parokia ilikuwa na kalenda yake kwenye mtandao, katibu anaandika humo misa, mikutano, usafi, kila kitu. App yangu ingeisoma ile kalenda, halafu ingewatumia waumini waliojiandikisha ujumbe mfupi kwenye simu, tukio moja ujumbe mmoja, pamoja na maelezo yake ya chini, kwa mfano "njooni na majembe". Ila kalenda yenyewe siyo mali yangu, inakaa kwa kampuni nyingine huko, na ile kampuni haimfungulii mtu hivi hivi. Mwenye kalenda lazima aingie kwenye akaunti yake, aulizwe kama anaikubalia app fulani isome mambo yake, abonyeze Ruhusu, ndipo kampuni inaipa app kitu kama ufunguo, na app inautunza ule ufunguo iwe inaingia yenyewe kila inapotaka. Sisi wa kazi hiyo tunauita tokeni. Shikeni hilo la ufunguo, ndilo lililonivua nguo.

Ijumaa nikawa nimemaliza, nataka kujaribu. Nywila ya akaunti ya parokia anayo katibu, Mzee Tadei, ameiandika kwenye daftari la jalada gumu, na Mzee Tadei siku hiyo yuko shamba, simu haipatikani. Mtu mwenye akili angesubiri kesho yake. Mimi nikajisemea, ah, ngoja nitumie kalenda yangu mwenyewe kujaribia, nitaitoa baadaye. Ukurasa ukaja ukaniuliza kwa lugha iliyonyooka kabisa: app hii inaomba kusoma kalenda zako zote na maelezo yote yaliyomo, unaruhusu? Na mimi, mtu niliyeiandika app kwa mikono yangu, nikabonyeza Ruhusu bila kusoma, kama mtu anayeitikia "Amina" huku akili iko sokoni.

Hapo lazima niwaambie kilichomo kwenye kalenda yangu. Mimi ni msahaulifu, kwa hiyo naandika kila kitu, na naandika vile ninavyojisemea moyoni, maana nani atasoma?

Na lazima niwaambie pia habari ya mteja wa Kwala. Kila Jumapili naenda kumwona Mama Mkubwa. Tunakula, tunaongea, halafu ikifika saa fulani yeye huanza habari za mama, alivyokuwa akicheka, alivyomkimbia jogoo, wimbo aliokuwa akiniimbia. Siyo kwamba sitaki kumsikia mama yangu. Ni kwamba hadithi zile nilishazijua zote, na nyingine zinaniliza, na mimi nilikuwa sipendi kulia Jumapili wakati Jumatatu nina kazi. Kwa hiyo nikabuni mteja. Tangu Kwala iwe na bandari kavu na viwanda, ukisema una mteja Kwala hakuna anayekuuliza swali la pili. "Mama Mkubwa, mteja wa Kwala ananisubiri." Naye ananyanyuka palepale, "Nenda mwanangu, kazi kwanza," na ananifungia korosho kwenye mfuko, "umpelekee huyo mteja wako, asije akakuacha." Korosho nakula mimi, njiani, hazifiki hata Kibaha. Siku moja akauliza mbona mteja huyu hapumziki hata Jumapili, nikaongeza chumvi, nikasema mke wake mgonjwa, ana mambo mengi. Sikujua kwamba alilibeba lile neno mpaka kwenye jumuiya.

Jumamosi Mzee Tadei akarudi, akanipa nywila, nikaiunganisha kalenda ya parokia, nikaingia upande wangu nikabonyeza Toka. Kwenye kioo naona kalenda ya parokia peke yake, safi. Nikalala kama mtoto. Kumbe kutoka ni kutoka tu, ni sawa na mgeni kuondoka nyumbani kwako na ufunguo uko mfukoni mwake. Ile programu inayotuma ujumbe, inayokaa kwenye mashine ya kukodi huko mbali, ilikuwa bado imeshika ufunguo wangu wa Ijumaa, sasa inao miwili, wa parokia na wangu, na inasoma kote kote.

Jumapili baada ya misa watu wakaingia ukumbini. Padre yupo, Mzee Tadei yupo na daftari lake, kwaya ipo, na mstari wa mbele kabisa amekaa Mama Mkubwa, amekuja na bodaboda kutoka Masaki, amevaa kitenge cha Pasaka, anawaambia waliokaa karibu naye, "Ni mwanangu huyo." Mimi nimesimama mbele na projekta, nimevaa miwani ambayo siihitaji. Nikasema, "Sasa mtapokea matukio ya wiki hii." Nikabonyeza Tuma.

Simu zikalia ukumbi mzima, ti-ti, ti-ti. *Jumamosi saa tatu: Usafi wa makaburi. Njooni na majembe.* Watu wakapiga makofi! Mzee Tadei akafunga daftari akasema, "Basi hili nikalichome." Jamani, nilifurahi kwa muda usiotosha kumeza mate, maana simu zikalia tena.

*Jumanne saa kumi: Mazoezi ya kwaya. Sema koo linauma.*

Wakacheka. Mwalimu wa kwaya hakucheka, alinitazama tu, kwa sababu mwezi mzima alikuwa akiniletea tangawizi. Mimi nikajua papo hapo kimetokea nini, na nikajua wiki yangu ina mambo gani mengine. Nikasema, "Samahani, hilo ni jaribio," nikaifunga kompyuta, pap! Ujinga mtupu, maana ile programu haikai kwenye kompyuta yangu, nilikuwa kama mtu anayezima redio yake akidhani mtangazaji amenyamaza. Dawa ilikuwa moja, kuingia kwenye akaunti yangu na kuinyang'anya app ile ruhusa. Nikatoa simu. Kampuni ikaniuliza nywila. Nikakosea. Nikakosea tena. Ikasema itanitumia namba ya siri kwa ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi wa kwanza ulioingia ulikuwa wa app yangu mwenyewe:

*Alhamisi: Mpigie Mama Mkubwa ukiwa unaosha vyombo, usipoteze muda.*

Safari hii kicheko kilikuwa kidogo. Watu walianza kugeuka kutazama mstari wa mbele. Mama Mkubwa hasomi maandishi madogo, simu alikuwa ameishika mbali na uso, na aliona watu wanamtazama, akampa mama aliyekaa pembeni yake. "Nisomee na mimi." Na simu zikalia tena. Yule mama ni msomaji wa masomo kanisani, sauti yake haijui kunong'ona, akaanza kusoma ule wa mwisho kama waraka:

"Leo saa nane. Masaki kwa Mama Mkubwa. Saa moja tu. Akianza habari za marehemu mama..."

Akanitazama mimi, akamtazama Mama Mkubwa.

"Endelea," Mama Mkubwa akasema.

"Dada Skola, basi tu."

"Nimesema endelea."

"Akianza habari za marehemu mama, sema mteja wa Kwala anasubiri."

Halafu mzee mmoja wa jumuiya yao ya Masaki, bila ubaya wowote, akauliza kwa sauti, "Mteja wa Kwala, siyo yule ambaye mkewe tulimsalia novena?" Wapo walioangua kicheko, na mimi siwalaumu, siku tisa watu wazima wamepiga magoti kumwombea mke wa mtu ambaye hajazaliwa.

Mama Mkubwa hakucheka. Akaniuliza taratibu, kama tuko wawili tu, "Vene, kwa hiyo hayupo?"

"Hayupo, Mama Mkubwa."

"Na korosho?"

"Nilikula mimi."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira, ni kama mtu anayepanga upya vitu ndani ya kabati. "Mimi nilikuwa nazichagua zile kubwa," akasema. Akachukua simu yake, akamuaga Padre vizuri, akatoka. Nilibaki pale mbele na miwani yangu ya bure, na ile namba ya siri ndiyo kwanza ikaingia, nikaandika, nikafungua, nikabonyeza kufuta ruhusa, na ikafutika palepale, sekunde moja. Padre akaniletea maji. Akaniambia, "Kunywa, halafu umfuate." Hakuongeza mahubiri, namshukuru.

Nilimfuata. Bodaboda iliniteremsha mlangoni saa nane kamili, yaani sikuchelewa hata dakika, hata hilo lilikuwa aibu. Nikasema, "Hodi. Shikamoo, Mama Mkubwa." Akaitikia, "Marahaba, karibu." Na hapo ndipo aliponimaliza. Mimi katika nyumba ile sikaribishwi, huwa napita moja kwa moja uani, nafunua sufuria, naulizwa kwa ukali kama nimenawa. Siku ile alinivutia kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha kufuma alichowekewa askofu alipopita, akanitandikia stuli, akanimiminia soda kwenye glasi. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, naomba nikusaidie kumenya mihogo." Akasema, "Mgeni hamenyi."

Nikapiga magoti. Nikaomba msamaha, nikalia, nikamweleza na ile ya ufunguo na kutoka na kuruhusu, vitu visivyomhusu hata kidogo, maana mtu mwenye hatia huongea sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusamehe, inuka, utachafua gauni." Akaniuliza habari za Kibaha, mvua, afya. Nikamjibu. Halafu akatazama saa ya ukutani, akasimama yeye mwenyewe, akasema, "Haya, saa imefika. Tusimcheleweshe mtu." Akanisindikiza mpaka barabarani, kama wanavyosindikizwa watu wa heshima.

Kwa upande wa kazi, nimejifunza. Najaribia kwa akaunti ya majaribio isiyo na jina la mtu ndani, naomba ruhusa ya kile ninachohitaji na si zaidi, na kazi ikiisha nafuta ufunguo wenyewe, sibonyezi Toka nikajidanganya. Waumini wameirudia app, makaburi yamefyekwa vizuri, na kwaya nimerudi, naimba mpaka sauti inakauka kweli. Na naapa mbele yenu, kusingizia mtu ananisubiri wakati hayupo, tena kwa mtu anayenipenda, basi tena.

Lakini Masaki bado. Naenda kila Jumapili, sijaandika popote, nafika mapema na ninakaa mpaka kuku wanaingia bandani. Ananikaribisha vizuri. Soda ipo, kiti kipo na kitambaa chake, tunaongea habari za mvua, za mihogo, za padre. Habari za mama hajazigusa tena. Wiki iliyopita nilijikaza nikamwambia, "Mama Mkubwa, niambie ule wimbo aliokuwa akiniimbia mama." Akanisogezea glasi, akasema, "Siku nyingine, mwanangu, leo una safari."

Sikuwa na safari yoyote.