Maharage ya Mbegu

Juzi sokoni nilimwona mama mmoja akipangusa majivu kwenye maharage, nikarudi ghafla kwenye hema letu katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Mama yangu alikuwa amefunga mbegu kitambaani, amezitia majivu zisiliwe na wadudu, ili tuzipande kwetu Kibumba vita vikitulia. Kila ndege ya jeshi letu ilipopita, Papa alisema, "Huko juu tungali na nguvu. Tutarudia kwetu."

Alasiri moja ndege ilirudi ikiwaka ubavuni. Kitu kilikuwa kimeruka kutoka ng'ambo ya mpaka, kikaifuata. Sisi watoto tulipiga makofi, tukidhani rubani anatuchezea. Papa aliketi juu ya jiwe jeusi la volkano.

"Sasa hawatarusha ingine," akamwambia Mama. "Wale waasi watasonga mbele. Kibumba imekwenda."

Mama alifungua kitambaa cha mbegu, akaosha majivu, akateleka sufuria. Harufu ilipopanda nikaruka kwa furaha, maana hatukuwa tumeonja maharage tangu tulipokimbia. Leo najua alichokuwa akipika. Siku ile nilinyoosha sahani yangu, nikasema, "Mama, uniongeze."